Kladingi (ujenzi na uhandisi)

Kladingi ni tabaka la nje linalofunika kitu kingine ili kukilinda, kukipamba au kukipa sifa ambayo chenyewe hakina. Katika ujenzi ni kivazi cha ukuta: vigae, vipande vya mawe, mbao, mabati, vioo au paneli za alumini zinazofungwa juu ya ukuta au kiunzi cha jengo. Katika uhandisi wa metali ni tabaka la metali moja lililounganishwa imara na metali nyingine. Neno hilohilo hutumika kwa ganda la bati linalofunika mabomba ya mvuke, kwa kioo kinachozunguka kiini cha uzi wa mwanga, na kwa neli zinazofungia fueli ya nyuklia.

Maana zote hizo zina jambo moja la pamoja. Kuna kitu cha ndani kinachofanya kazi kuu, kama kubeba mzigo, kuhimili shinikizo au kupitisha mwanga, na kuna tabaka la nje linalokikinga dhidi ya mazingira au kukiwezesha kufanya kazi hiyo. Kladingi ya jengo haiongezi nguvu ya jengo. Nyumba yenye nguzo dhaifu hubaki dhaifu hata ikivikwa mawe ya bei kubwa.

Kwa kuwa kladingi hufunika, huficha pia. Unyevu, kutu, nyufa na hata moto vinaweza kuendelea nyuma yake bila kuonekana. Kwa sababu hiyo uteuzi na ufungaji wake ni suala la usalama, si la urembo peke yake.

Jina na maana

Neno "kladingi" limetokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuvika nguo. Kwa Kiswahili linaweza kuelezwa kwa maneno "uvikaji", yaani kazi yenyewe, na "kivazi", yaani kitu kinachovikwa. Mara nyingi mafundi na wauzaji wa vifaa vya ujenzi hawatumii jina la jumla, bali hutaja kifaa chenyewe: marumaru za ukutani, mawe, vioo, bati au paneli.

Kladingi hutofautiana na matabaka mengine yanayofanana nayo:

- Rangi ni utando mwembamba sana unaopakwa ukiwa majimaji. Hulinda na kupamba, lakini haihesabiwi kuwa kladingi.
- Lipu (plasta) hupigwa moja kwa moja juu ya ukuta na kushikana nao. Hufanya kazi ileile ya kukinga ukuta, na kwa maana pana ni ndugu wa karibu wa kladingi.
- Bitana ni tabaka la ndani, kwa mfano matofali ya kustahimili joto yaliyojengwa ndani ya tanuri. Kladingi kwa kawaida huwa upande wa nje.
- Kuchovya ni kutumbukiza chuma katika metali iliyoyeyuka. Bati la kuezekea huchovywa katika zinki kwa namna hiyo. Tabaka lake ni jembamba zaidi kuliko la kladingi ya metali.
- Ukuta wa pazia ni ukuta mwepesi wa nje, mara nyingi wa vioo na fremu za alumini, unaoning'inia kwenye sakafu za jengo la ghorofa. Haubebi uzito wa sakafu hizo, bali hubeba uzito wake wenyewe na nguvu ya upepo.

Kazi za kladingi ya jengo

Kazi ya kwanza ni kuzuia maji. Dar es Salaam hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua inayoanguka wima hukingwa na paa, lakini mvua inayosukumwa na upepo hupiga ukuta na kutafuta kila upenyo.

Kuna njia mbili za kukabiliana nayo. Njia ya kwanza ni kuziba uso wote wa nje, pamoja na viungo vyake, kwa saruji, gundi au silikoni. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ufa mmoja ukitokea maji huingia na hayana njia ya kutoka. Njia ya pili ni kuacha pengo la hewa, kwa kawaida la sentimita chache, kati ya kladingi na ukuta. Maji machache yanayopenya huteremka ndani ya pengo na kutokea chini, na hewa inayopita hukausha unyevu. Mfumo huu hutegemewa zaidi kwenye majengo marefu kwa sababu haudai kila kiungo kiwe kamilifu.

Kazi ya pili ni kupunguza joto. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua huwa juu sana na hupiga paa kuliko kuta, lakini asubuhi na jioni huwa chini na hupiga kuta za mashariki na magharibi karibu uso kwa uso. Ukuta wa vioo unaotazama magharibi huingiza joto kwa saa kadhaa kila alasiri, na joto hilo huondolewa kwa viyoyozi, yaani kwa gharama ya umeme. Kladingi ya rangi nyeupe yenye pengo la hewa nyuma yake hufanya kinyume: hurudisha sehemu ya mionzi ya jua, na joto linalobaki huchukuliwa na hewa kabla ya kufika kwenye ukuta.

Kazi nyingine ni kupunguza kelele, kukinga ukuta dhidi ya migongano na kulipa jengo sura yake.

Historia katika pwani ya Afrika Mashariki

Watu wa pwani walivika kuta zao karne nyingi kabla ya paneli za kiwandani. Nyumba za mawe za miji ya Waswahili zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu na kuyazimua kwa maji. Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi na hunyonya maji, kwa hiyo lipu haikuwa pambo tu. Ndiyo iliyoupa ukuta uhai mrefu. Mabaki ya ujenzi huo yanaonekana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, sehemu zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa mwaka 2000.

Mfano ulio karibu zaidi na Dar es Salaam ni magofu ya Kunduchi, kilomita chache kaskazini mwa Mbezi Beach. Hapo kuna mabaki ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Katika lipu ya baadhi ya nguzo hizo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka China. Kauri hizo zilionyesha heshima na utajiri wa waliozikwa, na zinaonyesha pia kwamba kazi mbili za kivazi cha ukuta, yaani kulinda na kupamba, zilikwenda pamoja tangu zamani.

Lipu ya chokaa ina sifa ambayo saruji haina kwa kiwango hichohicho: hupumua. Unyevu ulioingia ukutani unaweza kutoka kupitia kwake. Katika karne ya 20 majengo mengi ya zamani ya matumbawe yalikarabatiwa kwa lipu ya saruji, ambayo ni ngumu na hupitisha mvuke kidogo. Matokeo yake maji hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na jiwe laini la matumbawe humomonyoka huku uso wa nje ukionekana mzima. Baadaye lipu huanguka vipande vipande pamoja na sehemu ya jiwe. Kwa sababu hiyo wataalamu wa uhifadhi wa Mji Mkongwe husisitiza matumizi ya chokaa katika ukarabati.

Katika mitaa ya makazi ya Dar es Salaam, ikiwa ni pamoja na ya Temeke na Kinondoni, nyumba za miti zilizokandikwa udongo zilivikwa vilevile. Miti na fito zilibeba nyumba, udongo ulijaza nafasi, na juu yake ilipigwa lipu ya chokaa au ya saruji ili mvua isiyeyushe udongo. Mwenye nyumba alijua kwamba lipu ikipasuka sehemu ya chini, udongo wa nyuma yake hautamaliza masika mengi. Baada ya hapo matofali ya saruji yalichukua nafasi kubwa. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kinachojulikana kwa saruji yake ya Twiga, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na kiko katika eneo hilohilo la kaskazini mwa jiji.

Vifaa vinavyotumika

Mawe na vigae. Vipande vya graniti, marumaru au mawe ya chokaa hubandikwa kwa gundi maalumu au hushikizwa kwa vyuma. Mawe bapa ya Mazeras, karibu na Mombasa, yanajulikana sana Kenya kwa kuvika kuta na kutandaza njia. Graniti yenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa mita mraba. Kwa hiyo katika sehemu za juu haifai kutegemea gundi peke yake: kipande kikibanduka kutoka ghorofa ya tatu kinaweza kuua mpita njia.

Mbao. Hupendeza na huwa nyepesi, lakini pwani hukabiliwa na mchwa, kuvu na jua kali. Hudai dawa na matunzo ya mara kwa mara.

Mabati. Hutumika zaidi kwenye maghala na viwanda. Karatasi zenye migongo hufungwa kwa skrubu juu ya kiunzi cha feleji, yaani chuma cha pua.

Vioo. Huruhusu mwanga na huvipa sura ya kisasa majengo ya ofisi. Kioo cha kawaida huvunjika vipande vyenye ncha kali. Kwa hiyo sehemu za juu huhitaji kioo kilichoimarishwa kwa joto, au kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati unaoshika vipande.

Paneli za alumini za tabaka tatu. Hizi zina karatasi mbili nyembamba za alumini, kwa kawaida zenye unene wa nusu milimita kila moja, na kiini katikati. Unene wa jumla aghalabu ni milimita 4. Ni nyepesi, kati ya kilo 5 na 8 kwa mita mraba, hukunjwa kwa urahisi na hupatikana kwa rangi nyingi. Ndiyo maana zimeenea kwenye maduka, vituo vya mafuta, benki na majengo ya ghorofa. Paneli mbili zinazofanana kabisa kwa nje zinaweza kuwa na viini tofauti sana, jambo linaloelezwa chini katika sehemu ya moto.

Chumvi, kutu na unyevu: mfano wa Mbezi Beach

Mbezi Beach ni eneo la makazi, hoteli na biashara katika Manispaa ya Kinondoni, kati ya Barabara ya Bagamoyo na Bahari ya Hindi. Eneo hili linaonyesha vizuri kwa nini kladingi ya pwani huhitaji uangalifu kuliko ya bara. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta matone madogo ya maji ya bahari. Maji hukauka na kuacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewani. Hivyo uso wa metali huweza kubaki na unyevu wa chumvi hata siku isiyo na mvua.

Kitu cha kwanza kuathirika mara nyingi si paneli bali vishikizo vyake. Alumini hujitengenezea utando mgumu wa oksidi unaoikinga, lakini skrubu ya kawaida iliyoishika hushika kutu, huacha michirizi ya rangi ya kahawia na mwishowe hukatika. Karibu na bahari hutumiwa skrubu za feleji isiyoshika kutu. Pia metali mbili tofauti zikigusana palipo na maji ya chumvi, moja huliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Alumini ikigusana na shaba, ni alumini inayoliwa. Kipande cha mpira au cha plastiki kinachotenganisha metali hizo huzuia uharibifu huo kwa gharama ndogo.

Tatizo la pili ni mchanga. Mchanga wa baharini usiooshwa huwa na chumvi. Ukitumiwa kwenye lipu, chumvi hutoka juu kama unga mweupe na kubandua rangi. Ukitumiwa kwenye zege, chumvi huchochea kutu ya nondo. Nondo yenye kutu huvimba, zege hupasuka, na kila kilichobandikwa juu yake huanguka.

Tatizo la tatu ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Nyumba iliyojengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Dalili zake ni rangi inayobabuka na lipu inayomong'onyoka katika mita moja ya chini ya ukuta. Wenye nyumba wengi hutatua jambo hili kwa kubandika vigae au vipande vya mawe sehemu hiyo. Doa hutoweka, lakini maji hayajaondoka. Yanapozuiwa kutoka chini, hupanda juu zaidi na kutokeza juu ya mstari wa vigae au upande wa ndani. Utaratibu sahihi ni kutafuta chanzo kwanza, kama kukosekana kwa kizuizi, bomba linalovuja, au udongo wa bustani uliorundikwa juu ya usawa wa sakafu, kisha kuuacha ukuta ukauke kabla ya kuuvika.

Mwisho ni kutanuka kwa joto. Karatasi ya alumini yenye urefu wa mita 3 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 3. Paneli yenye rangi ya giza inaweza kupata ongezeko kama hilo kati ya alfajiri na alasiri. Ikiwa imebanwa pande zote bila nafasi, hujikunja au hung'oa skrubu. Vigae pia huhitaji nafasi za kutanuka kwenye kuta ndefu.

Moto

Zege na matofali haviungui, na kwa hiyo watu wengi huamini kwamba jengo la zege haliwezi kushika moto kwa nje. Kladingi imeonyesha kwamba imani hiyo si sahihi.

Kiini cha paneli za alumini za bei nafuu hutengenezwa kwa polietilini, plastiki ya jamii moja na ile ya ndoo na mifuko. Kilo moja ya polietilini ikiungua hutoa joto linalokaribiana na la kilo moja ya petroli. Karatasi ya alumini iliyo juu yake huyeyuka katika nyuzijoto 660 hivi, na moto wa chumba kimoja unaweza kupita kiwango hicho. Pengo la hewa nyuma ya paneli, ambalo ni zuri kwa kukausha maji, wakati wa moto hugeuka kuwa bomba la moshi: hewa ya moto hupanda kwa kasi na kuvuta miali juu. Kwa sababu hiyo pengo hilo linapaswa kukatwa kwa vizuizi vya moto katika kila ghorofa.

Mfano unaojulikana zaidi ni jengo la Grenfell Tower mjini London, Uingereza. Lilikuwa jengo la zege la ghorofa 24 lililokamilika mwaka 1974, na ukarabati ulioliongezea kladingi mpya ulimalizika mwaka 2016. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianza katika friji kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Ulitoka nje kupitia dirishani, ukashika kladingi na kufika juu kabisa kwa muda usiozidi nusu saa. Watu 72 walifariki. Uchunguzi rasmi ulieleza kwamba paneli zenye kiini cha polietilini ndizo zilizokuwa sababu kuu ya kuenea kwa moto huo. Kiunzi cha zege kilibaki kimesimama.

Falme za Kiarabu, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi, zimepata mioto ya aina hiyo kadhaa. Katika jiji la Dubai jengo la Torch liliungua kwa nje mwaka 2015 na tena mwaka 2017, na hoteli ya Address Downtown iliungua usiku wa tarehe 31 Desemba 2015. Katika mji wa Valencia, Hispania, watu 10 walifariki katika moto wa jengo la makazi mwezi Februari 2024.

Viini vya paneli hugawanywa katika makundi makuu matatu:

- kiini cha polietilini tupu, ambacho huwaka kwa urahisi;
- kiini kilichochanganywa na madini mengi, ambacho hupunguza kasi ya moto lakini huweza kuungua;
- kiini kilicho karibu chote madini, ambacho kwa viwango vya Ulaya kimo katika kundi la A2 na huchangia moto kwa kiasi kidogo sana.

Tofauti hizo hazionekani paneli ikiwa imefungwa ukutani. Huonekana kwenye kingo zake zilizokatwa na kwenye hati za majaribio za mtengenezaji. Kwa duka la ghorofa moja hatari huwa ndogo zaidi, kwa kuwa watu hutoka nje haraka. Kwa ghorofa ndefu, hospitali, shule na mabweni, ambako watu hulala au hukawia kutoka, uteuzi wa kiini ni suala la uhai.

Kladingi katika uhandisi

Metali juu ya metali

Feleji ya kawaida ni imara na ya bei nafuu lakini hushika kutu. Feleji isiyoshika kutu, nikeli na titani hustahimili kemikali lakini ni ghali. Badala ya kutengeneza tangi zima kwa metali ghali, wahandisi hutumia feleji ya kawaida kwa ajili ya nguvu na kuivika tabaka jembamba la metali ghali upande unaogusana na kemikali.

Kuna njia kadhaa za kuunganisha metali hizo. Ya kwanza ni kuzipasha moto na kuzipitisha pamoja kati ya rola kubwa hadi zishikane. Ya pili ni kutumia baruti: mlipuko husukuma bamba moja juu ya jingine kwa kasi kubwa kiasi kwamba nyuso zake huungana bila kuyeyuka zote. Ya tatu ni kuyeyusha metali mpya juu ya ile ya zamani kwa welding au kwa mwali wa leza. Viwanda vya sukari hutumia welding kuongeza tabaka gumu kwenye rola za kukamulia miwa, na meno ya mashine za kuchimba huvikwa kwa njia hiyohiyo. Fundi anayejaza shafti iliyolika kwa welding na kisha kuichonga upya kwenye mashine ya kukereza hufanya kazi ya jamaa hiyo.

Mfano mwepesi kuuona ni sarafu. Tangu mwaka 1965 Marekani ilianza kutengeneza sarafu za senti 10 na 25 kwa kiini cha shaba kilichovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, badala ya fedha. Mstari wa shaba huonekana kwenye ukingo wake. Sarafu kadhaa za Tanzania za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa za feleji iliyovikwa nikeli, na hunaswa na sumaku.

Katika ndege, aloi imara za alumini zenye shaba huliwa na chumvi kwa urahisi. Kwa hiyo karatasi za mwili wa ndege nyingi huvikwa alumini iliyo karibu safi pande zote mbili. Tabaka hilo hulinda hata likikwaruzwa, kwa sababu huliwa lenyewe kabla ya aloi ya ndani.

Mabomba na matangi

Mabomba ya mvuke hufungwa kihami joto, kisha juu yake huvikwa karatasi ya alumini au ya bati. Kazi ya karatasi hiyo ni kuzuia mvua, kwa kuwa kihami kilicholowa hupoteza faida yake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, hutumia wazo hilohilo. Mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa, hivyo bomba la feleji huvikwa povu la kuhami joto na kisha ganda gumu la plastiki kwa nje. Kazi hiyo ilifanyika katika kiwanda kilichojengwa Sojo, mkoani Tabora.

Hatari ya mabomba yaliyovikwa ni kutu iliyojificha. Maji yakipenya kwenye kiungo hukaa kati ya kihami na bomba, na chuma huliwa bila dalili ya nje. Ni tatizo lilelile la lipu ya saruji juu ya matumbawe, katika umbo la kiwandani.

Nyuzi za mwanga

Uzi wa mwanga una kiini cha kioo chenye kipenyo cha takriban mikromita 9 kwa nyuzi za masafa marefu. Kiini hicho kimezungukwa na kladingi ya kioo inayofikisha kipenyo kuwa mikromita 125. Vioo hivyo viwili vinatofautiana kidogo: mwanga husafiri kwa kasi zaidi katika kladingi kuliko katika kiini. Kutokana na tofauti hiyo, mwanga unaofika mpakani kwa mshazari mkubwa huakisiwa wote na kurudi ndani ya kiini, na hivyo husafiri kilomita nyingi bila kutoroka. Hapa kladingi si kinga tu. Bila hiyo uzi haufanyi kazi. Mikongo ya baharini ya SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza mwaka 2010, yote hufika Dar es Salaam na hutumia nyuzi za namna hiyo.

Fueli ya nyuklia

Katika vinu vingi vya nyuklia vidonge vya urani hufungiwa ndani ya neli nyembamba za aloi ya zirkoni. Neli hizo huzuia vitu vyenye mnururisho visiingie katika maji ya kupoozea. Zikipata joto kupita kiasi, zirkoni hushambuliana na mvuke na kutoa hidrojeni. Hidrojeni hiyo ndiyo iliyolipuka katika ajali ya Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011.

Usimamizi na ukaguzi

Nchini Tanzania kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, kwa mfano Manispaa ya Kinondoni au ya Temeke. Wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi husajiliwa na bodi zao, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hushughulikia viwango vya bidhaa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua usalama wa moto. Kubadilisha kivazi cha jengo lililokwisha kukamilika hubadilisha pia hatari zake za moto na uzito wake, hata kama mpango wa vyumba haujaguswa.

Kabla ya kuvika jengo, mambo yanayochunguzwa ni haya:

- kama ukuta wa nyuma ni mkavu, imara na hauna nyufa zinazoendelea;
- kama kiini cha paneli kinajulikana na kina hati za majaribio ya moto;
- kama vishikizo vinastahimili chumvi na vinatosha kwa uzito na upepo;
- kama maji yatakayopenya yana njia ya kutokea;
- kama kuna vizuizi vya moto ndani ya pengo la hewa;
- kama paneli chache zinaweza kufunguliwa kwa ukaguzi wa baadaye.

Baada ya ujenzi, dalili zinazohitaji hatua ni michirizi ya kutu, unga mweupe, silikoni iliyopasuka, paneli inayotikisika wakati wa upepo, na kigae kinachotoa sauti ya uwazi kikigongwa. Karibu na bahari, kuosha paneli kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa kwa mwaka, hasa katika miezi isiyo na mvua, huongeza maisha yake. Kigae kinachotoa sauti ya uwazi kikiwa juu ya njia ya watu huondolewa mara moja, kabla ya kusubiri fedha za ukarabati wa ukuta mzima.